Mpunga wa Mama Ndani ya Jaruba la Serikali

Katika miaka niliyopiga pasi kwenye nyumba ya wageni pale Mikumi, nilinyoosha mashuka ya kutosha kuitandika barabara yote kutoka Morogoro mpaka Iringa, na mawili matatu yangebaki ya kuwafunika nyani. Dirisha la chumba cha pasi lilitazama barabara kuu. Malori yalipita hapo yakienda Tunduma na yakirudi, na pasi yangu ilienda mbele na kurudi nyuma kwa mwendo uleule, hata nikawa sijui nani anamfuata mwenzake. Mvuke ulipanda, kioo kikaingia ukungu, na ndani ya ukungu ule malori yalielea bila sauti. Ukiniuliza habari za miaka ile, sikumbuki siku hata moja kwa sura yake. Nakumbuka mvuke, na mimi ndani yake, nimesinzia nimesimama.

Jioni nilikwenda shule. Tulikuwa watu wazima tulioachwa na kidato cha kwanza kama abiria anavyoachwa na basi, tukakutana kwenye darasa la shule ya msingi, tukajikunja katika madawati ya watoto wa darasa la pili. Magoti yangu yalifika masikioni. Alikuwepo fundi wa matairi, askari wa mbuga, muuza mahindi ya kuchoma, na mimi mpiga pasi. Upande wa pili wa uzio tembo walisimama kusikiliza, naapa, na yuko mmoja aliyetikisa masikio kila mwalimu alipokosea hesabu. Umeme ulipokatika mwalimu hakunyamaza. Aliendelea kufundisha gizani, nasi tukaendelea kunakili, na mpaka leo kwenye daftari langu la baiolojia kuna ukurasa ambapo figo la binadamu na mzizi wa mhindi vimechorwa kimoja juu ya kingine. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na umri wa kuwa mama mkwe wa msimamizi wa mtihani. Nilifaulu, tena baiolojia nilifaulu vizuri. Figo na mzizi vyote vinachuja maji, nilijieleza hivyo.

Habari za ufadhili zilinikuta kazini. Mgeni mmoja aliondoka alfajiri akasahau gazeti kitandani, limekunjamana kwa kulaliwa. Nililipiga pasi kwanza, ndipo nikalisoma, maana mimi sisomi kitu chenye mikunjo. Humo ndani tangazo lilisema serikali itawalipia wanafunzi watakaochaguliwa kusomea kilimo ngazi ya cheti: ada, malazi, chakula, kila kitu. Nilisoma mara tatu. Nikaenda steshenari ya jirani na stendi, kijana wa kompyuta akanijazia fomu, na alipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa akaniangalia, akaangalia tarehe, akaniangalia tena.

"Mama, shikamoo," akasema, maana hapo mwanzo alikuwa amenisalimia mambo.

Barua ilipokuja niliichapisha nakala nne, moja ya kutunza, moja ya kuonyesha watu, moja ya mama, na moja ya kulalia. Mwisho kabisa, chini, palikuwa na sentensi iliyosema ufadhili wa mwaka wa pili utaendelea kwa mwanafunzi atakayefaulu masomo yote pamoja na mafunzo kwa vitendo. Sentensi hiyo niliipita kama lori linavyokipita kibao cha mwendo.

Nilikwenda kumuaga mama. Yeye anaishi chini ya milima ya Kilosa, pale kijito kinapoteremka na kutawanyika kwenye kibonde, na ana jaruba moja la mpunga ambalo tangu nizaliwe sijawahi kuliona likiwa kavu, wala kumwona yeye akiwa amekaa. Nilimsomea barua yote, na yeye akasikiliza mikono ikiwa ndani ya ungo.

"Kwa hiyo serikali inakusomesha kulima," akasema.

"Ndiyo mama."

"Na mimi miaka yote ile nilikuwa nakusomesha nini? Urubani?"

Alicheka mpaka kuku wakatawanyika. Halafu akaingia ndani, akakaa kitambo kirefu, akatoka ameshika fundo dogo kwenye pembe ya khanga kuukuu. Akalifungua. Ndani mlikuwa na kiganja kimoja cha mpunga, punje nyembamba zenye manyoya marefu, rangi ya chai iliyokolea.

Huo ndio mpunga wa kwetu. Ni mrefu, unamfika mtu mzima kifuani, na kama mtu mwenyewe ni mimi basi unamfika utosini. Unanukia ukiwa bado shambani. Ukiupika, harufu inavuka kijito, inapanda mlima, na padri wa upande wa pili anakatiza mahubiri. Na kwetu kuna desturi: shamba jipya halipandwi mbegu ngeni peke yake. Hata kama umepewa mbegu na mfalme, unachanganya humo kiganja cha nyumbani, ili ardhi ijue wewe ni mtoto wa nani. Nilimwona bibi akifanya hivyo, nikamwona mama akifanya hivyo, na sikuwahi kumsikia mtu akiuliza kwa nini.

"Hiki ndicho cha mwisho," mama akasema. "Mafuriko yamebeba, panya wamekula. Duniani hapa hakuna kingine. Kapande, usinitie aibu kwenye ardhi ya watu."

Nikafunga fundo. Njia nzima nililishika kwa ndani ya blauzi, na lilikuwa la moto kama kifaranga.

Chuo kilikuwa bondeni, kwenye zile tambarare ambazo asubuhi huwezi kujua pa kuishia maji na pa kuanzia mbingu. Ukitoka bwenini alfajiri ulikuta majaruba yote yamejaa mawingu. Ulitembea juu ya tuta jembamba, mawingu kulia, mawingu kushoto, na bata wawili watatu wanaogelea katikati ya mawingu hayo. Kwa mbali treni ya umeme ilipita, nyeupe, haina moshi wala kelele, na kabla hujasema "ile pale" ilishakuwa haipo. Wiki ya kwanza nilidhani nimekufa, nimefika, na kumbe huko nako wanatoa chakula bure.

Mwalimu wetu wa vitendo alikuwa kijana mwembamba wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Malezi yake yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililokuwa taabu. Kila asubuhi alivua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, kazi ya jana umeikosea yote."

Ndivyo tulivyosoma. Nilipata shikamoo nyingi kuliko alama.

Tuligawiwa jaruba moja kwa watu wawili. Mwenzangu alikuwa mwanamke wa umri wa kukaribia wangu, mrefu, mweusi wa kung'aa, mzaliwa wa kanda ya ziwa ambaye wazazi wake walishuka na ng'ombe wao mpaka bonde letu. Alikuwa ameacha watoto wawili kwa mama mkwe ili aje kusoma, na alijua kulima kwa maksai, na sauti yake ilikuwa ya kwaya, ya kuamsha kijiji na kijiji cha jirani. Siku ya kwanza aliniuliza kabila langu. Nilipomtajia akapiga makofi.

"Ah! Kumbe mtani wangu! Ndiyo maana nilisikia harufu ya uvivu."

Kama makabila yetu kweli ni watani sijui, wazee wa pande zote mbili wangeweza kubishana mpaka mvua ya masika. Sisi tuliamua kwamba ni watani, na tangu hapo hatukuwahi kuitana jina. Yeye alikuwa mtani, nami nilikuwa mtani, na mwalimu akiita "mtani" tulisimama wote wawili.

Siku ya kusia mbegu mwalimu alileta mfuko ulioshonwa, una lebo. Akaushika kwa mikono miwili, mithili ya mchungaji na kikombe.

"Hii ni mbegu ya msingi. Kutoka hapa inakwenda kuzalishwa iwafikie wakulima. Mtu akinunua mbegu hii, anataka aina moja, urefu mmoja, kuiva siku moja. Kwa hiyo hata punje moja ngeni isiingie. Mkaguzi wa mbegu atakuja mpunga ukikaribia kuchanua. Jaruba lenye mchanganyiko linakataliwa. Likikataliwa, vitendo mmefeli. Mkifeli vitendo, ile barua yenu ya ufadhili mnaijua inavyosema."

Sentensi niliyoipita kwa kasi Mikumi ikanipata hapo, imetangulia, inanisubiri barabarani.

Lakini nami nilikuwa na fundo langu. Nilifikiri, punje ngeni, amesema. Ya mama itakuwaje ngeni, na imezaliwa hapa hapa Kilosa kabla ya mimi, kabla ya mwalimu, kabla ya chuo chenyewe? Mgeni ni huyu wa kwenye mfuko. Tena kiganja kimoja tu. Mtani alipokwenda kuchota maji nikafungua khanga, nikachanganya, nikasia. Moyo wangu ukatulia kabisa. Ardhi imeshanijua, nikasema.

Miche ikaota, yote kijani, yote sawasawa, hata mimi sikuweza kuwatenganisha watoto wa mama na watoto wa serikali. Tukaing'oa, tukaipandikiza jarubani kwa kamba, mistari iliyonyooka kama pindo la shuka langu. Siku za palizi zilikuja na kupita ndani ya ukungu. Tuliinama asubuhi, na tulipoinuka ilikuwa saa kumi, na katikati hapo sijui tulikuwa wapi. Maji ya vuguvugu yalifika magotini, kereng'ende walitua mgongoni mwa mtani, na yeye aliimba polepole nyimbo za kwao huku mkono ukitafuta magugu wenyewe, bila kuamrishwa. Nilijisikia nimerudi kwenye mvuke wa pasi, ila safari hii nilikuwa macho.

Halafu asubuhi moja niliinua uso nikawaona.

Walikuwa wamesimama. Mpunga wa serikali ulifika pajani, umekaa kimya, umepangika. Katikati yake, hapa mmoja, pale wawili, kule kikundi, mpunga wa mama ulikuwa umejinyoosha shingo nzima juu ya wenzake, unatazama huku na huku kama watu waliokuja harusini wakakosa viti. Nilihisi fahari, nisidanganye. Niliwaona wazuri. Ndipo nikaona pia kofia ya mwalimu inakuja juu ya tuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akaelekeza kidole jarubani. "Mama, wazamiaji hawa wametoka wapi?"

Wazamiaji ndilo jina ambalo wanafunzi wameupa mpunga wa namna hiyo, ulioingia shughulini bila kadi.

"Labda ndege, mwalimu."

"Ndege," akasema, akaangalia mbinguni, ambako hapakuwa na ndege. "Mkaguzi anakuja siku ya nne kutoka leo. Mpunga wote umeshabeba mimba. Wang'oeni kabla hawajachanua."

Akaondoka. Mtani akashika shina la kwanza la karibu yake ili alivute.

"Usiguse!" nikapiga kelele.

Akaacha. Akaniangalia. Na mimi nikamweleza yote, juu ya tuta pale, miguu ndani ya maji: khanga, kiganja, bibi, mafuriko, panya, na kwamba duniani hakuna kingine. Nikamweleza kwamba sikumwuliza, na jaruba ni letu wawili, na ufadhili wake umo humo pamoja na wangu.

Alikaa chini kwenye tope.

"Mtani," akasema, "mimi nimeacha mtoto anayenyonya."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungetia hicho kiganja kwenye chai."

"Nisamehe."

"Sikusamehe. Kesho utang'oa. Wewe mwenyewe, kwa mikono yako hiyo ya kupiga pasi."

Kesho yake nikaenda. Nikashika shina, nikavuta kidogo, likakataa, au mimi ndiye niliyekataa. Nikashika jingine. Kila niliposhika nilisikia mama akisema cha mwisho. Jioni nilikuwa nimezunguka jaruba zima mara saba, na sijang'oa hata mmoja. Siku ya pili hivyo hivyo. Ukisimama katikati ya mpunga muda mrefu unaanza kuyumba nao, upepo ukija mnainama wote, na unasahau ulikuja na miguu. Nadhani nililia pia, lakini maji yalikuwa mengi pale, huwezi kusema yapi ni ya nani.

Siku ya tatu, mchana, nilisikia kilio. Si kilio cha kawaida, ni kile cha kutangaza msiba, kinachoanzia tumboni. Wanafunzi waliokuwa kwenye majaruba mengine wakainuka. Mtani alikuwa anakuja juu ya tuta, amejifunga khanga kiunoni, amejipaka tope usoni, na mkononi ameshika sufuria kubwa la jikoni ambalo sijui aliliombaje kwa mpishi.

"Uwiii! Wamekufa! Warefu wamekufa! Nani atafikia dari sasa?"

Nikaelewa. Kwetu, ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kuvunja msiba. Anaingia kaburini kabla ya marehemu, anadai nauli, anavaa viatu vyake, anamwiga alivyokuwa akitembea, mpaka wafiwa wacheke wakiwa na machozi. Huruhusiwi kumkasirikia. Na anachokishika mtani msibani, ni chake.

Akaingia jarubani. Akasimama mbele ya mpunga mrefu wa kwanza, akaupima kwa macho.

"Marehemu huyu alikuwa na majivuno. Aliletwa kwenye shamba la serikali, akakataa kukaa na wenzake. Tazama shingo! Mama yake yuko wapi? Yuko kule mlimani anakula wali, sisi tunalia njaa huku!"

"Mwache mama yangu," nikasema, lakini tayari nilikuwa nimeanza kucheka.

"Wafiwa wanyamaze! Nani amekufundisha kupanda mpunga wa kuezekea nyumba?"

Akazamisha mikono yote miwili chini ya maji, akachimba, akautoa mpunga mzima na mizizi yake na bonge la tope, taratibu sana, kama mkunga. Akauweka ndani ya sufuria, umesimama.

"Marehemu hatupwi," akasema kwa sauti yake ya kawaida, ili nisikie mimi peke yangu. "Anazikwa. Shika upande huu, mtani, ananielemea."

Basi tukazika. Nilichimba, nilitoa, nilibeba. Yeye aliongoza nyimbo, wanafunzi wa majaruba ya jirani wakaitikia, na maandamano yetu yakapita juu ya matuta, sufuria mbele, mawingu ndani ya maji chini yetu, mpaka nyuma ya bafu la wanawake ambako maji ya kuogea humwagikia mferejini na udongo haukauki mwaka mzima. Tukawapanda hapo, bonge kwa bonge. Safari ngapi sijui. Mimi huwa nasema mia. Jua lilipoinama jaruba letu lilikuwa na urefu mmoja, bapa, limenyooka. Mwaka mzima wa kupiga pasi usingelinyoosha vile. Tuliipitia mistari kesho yake alfajiri, mmoja mmoja, tukakuta wawili waliojificha, nao tukawachukua.

Mkaguzi alikuja asubuhi ya siku ya nne. Alikuwa mzee mnene mwenye buti za mpira na daftari, na alipokea shikamoo yangu bila kuniangalia, macho yake yako kwenye mpunga. Aliingia jarubani peke yake. Alisimama pembeni, katikati, pembeni tena. Aliinama, akashika, akaandika. Sisi watatu, mwalimu, mtani na mimi, tulisimama kwenye tuta, na niliona mwalimu anaisogeza kofia yake mbele na nyuma. Kumbe hata yeye alikuwa anafanyiwa mtihani.

Halafu mkaguzi akainua pua.

"Nani anapika wali saa hizi?"

Hapakuwa na mtu anayepika. Wale wa nyuma ya bafu, pamoja na kuchimbwa na kubebwa na kuombolezewa, baadhi yao walikuwa wameamua kuchanua asubuhi ile. Harufu ilikuja na upepo, tamu, ya nyumbani kabisa, na mimi nikatamani kuingia kwenye tope nisitoke.

Mzee aliifuata. Tukamfuata. Alifika mferejini, akasimama mbele ya mpunga uliokuwa nusu umelala, nusu umesimama, umefungwa kwa vipande vya khanga ili usianguke. Akauangalia. Akageuka, akaanza kutembea kurudi jarubani kwa hatua ndefu sawasawa, na midomo yake inahesabu. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba aina moja ya mpunga na nyingine lazima ziachiane nafasi zisije zikachavushana, tena zilitakiwa hatua chache tu. Lakini kwa jinsi zile buti zilivyokuwa zikinyanyuka na kushuka, taratibu, ndani ya mwanga ule mweupe, mimi nilisikia anatembea kutoka Kilosa mpaka Dumila na hajafika.

Alifika. Akarudi.

"Hii imetoka wapi?"

Mtani alifungua mdomo. Nilijua atasema ndege. Nikamtangulia.

"Ni ya mama yangu, mzee. Nilichanganya mwenyewe siku ya kusia, mwenzangu hakujua, wala mwalimu. Tumeing'oa yote."

Mwalimu alivua kofia kabisa.

"Yote?"

"Yote mzee. Na wawili wa leo asubuhi."

Mzee akatazama mabonge ya tope kwenye mizizi, akatazama mafundo ya khanga, akamtazama mtani ambaye bado alikuwa na tope la msiba sikioni. Akaandika kwa muda mrefu. Halafu akamwambia mwalimu, si mimi:

"Mwanafunzi wako alilichafua jaruba. Kisha akalisafisha. Mimi kazi yangu ni kukagua jaruba lilivyo leo. Limepita." Akafunga daftari. Alipokuwa akiondoka akageuka. "Hiyo ya mferejini, wakati wa kuvuna, isikanyage uwanja wa kuanikia. Hata punje."

Mtani akanikumbatia akanipiga ngumi ya mgongo papo hapo, na mpaka leo sijui ipi ilikuwa ya shukrani. Mwalimu alisubiri mpaka mzee ametokomea, akavaa kofia ili apate kuivua tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mwakani, wa mwaka wa kwanza wakifika, hii habari utawaeleza wewe. Ndege usiwataje."

Wengi wa wale wa mferejini walikauka. Wachache waliiva. Niliwapukuchua kwa vidole, punje moja moja, nikapata kiganja, pungufu kidogo, nikafunga kwenye pembe ya khanga ile ile, na likizo ilipofika nikapanda kwetu moja kwa moja, sikupitia hata Mikumi kuwasalimia nyani. Nilikuwa nimebeba mpunga wa mwisho duniani. Kwenye basi nilikataa kumwachia konda begi langu. Abiria aliponigusa kwa kiwiko nilimtazama mpaka akashuka, ingawa inawezekana alikuwa amefika kwake.

Mama alikuwa anapepeta. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia mwaka wa pili upo, serikali inaendelea kunilipia. Akasema vizuri. Nikamsimulia jaruba, msiba, buti, hatua, yote. Alicheka sana pale kwenye sufuria. Halafu nikafungua fundo mbele yake, taratibu.

Akachungulia.

"Ahaa," akasema. "Mwaga humo."

Akanyoosha kidole pembeni. Palikuwa na gunia. Limejaa mpaka mdomoni, punje nyembamba, manyoya marefu, rangi ya chai iliyokolea.

"Mama! Hii nini?"

"Si mpunga wetu? Nilipata mbegu kwa jirani, ng'ambo ya kijito. Hawa wote wanao. Kila aliyewahi kuombwa mbegu na bibi yako anao."

"Ulisema ni cha mwisho! Ulisema duniani hakuna kingine!"

"Kilikuwa cha mwisho humu ndani," mama akasema, wala hakuacha kupepeta. "Sasa ningekuambia kipo kingine, ungekitunza?"

Nilikaa chini kwenye makapi. Makapi yalipanda hewani kwenye mwanga wa jioni, ya dhahabu, hayana haraka ya kushuka, na mama ndani yake akipepeta na kupepeta, na mimi nikamwangalia mwanamke yule nikajua nilikoyatoa mambo yangu yote, tembo wanaosikiliza hesabu na mashuka ya kutosha mpaka Iringa. Wali wa usiku ule niliula sahani tatu. Mbili, kama yuko mtu wa kuhakikisha.

Siku ya kurudi chuoni, nimeshashika begi, akaniita. Alikuwa ameshika khanga, na kwenye pembe kuna fundo.

"Ya mwaka wa pili," akasema. "Ardhi husahau."

Nilipokea kwa mikono miwili. Nilipofika chuoni jua lilikuwa bado juu, majaruba yamejaa maji mapya, na mtani yuko mlangoni mwa bweni na watoto wake kwenye picha anayotaka nione. Aliona mkono wangu uko ndani ya blauzi, akaacha kutabasamu.

"Mtani. Una nini hapo?"

Nilimpita na begi langu mgongoni, nikazunguka nyuma ya bafu, nikachuchumaa mferejini, nikaanza kusia, na nyuma yangu nilisikia anakwenda jikoni kuomba sufuria, safari hii la kumwagilia maji.